Je, Hadithi Isiyo ya Kweli Yaweza Kujenga Imani?



Wapendwa waamini, kuna neno moja ambalo hurudi masikioni mwetu kila tunapozungumza juu ya wahubiri wa zamani na maajabu yanayosimuliwa kwa majina yao. Tunalisikia katika jumuiya ndogondogo, tunalisikia nje ya kanisa baada ya Misa, tena tumelisikia kutoka vinywani mwa watu waliosoma sana. Neno lenyewe ni hili: hadithi ikijenga imani, ya nini kuichunguza? Na mtu akiambiwa kwamba jambo analolisimulia halina ushahidi, huikimbilia methali: lisemwalo lipo, na kama halipo laja.

Juma hili tunakusudia kulipinga neno hilo waziwazi. Hatulipingi kwa kuwa tunaionea haya miujiza, wala kwa kuwa masalia ya watakatifu yametuchosha. Kanisa linaloamini kwamba Kristo amefufuka haliwezi kuona haya mbele ya muujiza. Tunalipinga kwa sababu ni neno linaloua watu, na hatusemi hivyo kwa mfano.

Tarehe 1 Februari 2020, katika uwanja mmoja mjini Moshi, watu 20 walikufa kwa kukanyagana wakikimbilia mafuta yaliyoitwa ya upako, ambayo yalikuwa yamemwagwa chini ili wayakanyage na kupata baraka. Marehemu hao hawakuwa wapumbavu, na anayewacheka leo hana haki ya kuwacheka. Walikuwa watu wenye magonjwa, madeni na watoto wasio na ada, kama sisi sote. Kabla ya mafuta kumwagwa palikuwa na hadithi: fulani aliyakanyaga akapata kazi, fulani aliyakanyaga akapata mtoto. Nani aliyekwenda kumtafuta huyo fulani na kumwuliza? Hakuna, maana hadithi ilikuwa inajenga imani.

Miaka tisa kabla ya hapo, mwaka 2011, nchi nzima ilielekea Loliondo. Mchungaji mstaafu wa Kilutheri, Ambilikile Mwasapila, alikuwa akigawa pale kijijini Samunge dawa iliyochemshwa kutokana na mti wa mugariga, kikombe kimoja kwa shilingi 500, akisema ameoneshwa na Mungu katika ndoto. Magari yalipita Mto wa Mbu yakiwa yamejaa wagonjwa, na watu wa wilaya zetu za Mbulu na Hanang walikuwamo, Wakatoliki kwa Walutheri, hata baadhi ya wale ambao Jumapili husoma masomo mimbarini. Mzee huyo alifariki Julai 2021, na hukumu ya moyo wake tumwachie Mungu. Bei yake ya shilingi 500 haikuwa bei ya mtu anayetafuta utajiri. Lakini wagonjwa wengine walifia kwenye foleni ile, na wengine walirudi nyumbani wakaziacha dawa za kupunguza makali ya ukimwi kwa sababu waliambiwa wameshapona. Virusi havikuisikia ndoto. Hadithi ilijenga imani kwelikweli. Ikaijenga juu ya kitu kisichoweza kuibeba.

Sasa, tukisema haya, ndugu zetu Walokole hutugeukia na kutuuliza: na ninyi je, wenye mifupa ya watu altareni? Swali ni halali, na tulijibu bila kupandisha sauti.

Heshima kwa masalia ya watakatifu tumeipokea, hatukuitunga. Kitabu cha pili cha Wafalme, sura ya 13, kinasimulia juu ya maiti iliyofufuka ilipogusa mifupa ya nabii Elisha. Matendo ya Mitume, sura ya 19, inataja vitambaa vilivyogusa mwili wa Paulo na kupelekwa kwa wagonjwa. Mtaguso wa pili wa Nikea, mwaka 787, uliagiza kwamba makanisa yasitabarukiwe bila masalia ya mashahidi. Mkristo anaheshimu mwili wa mtakatifu kwa kuwa mwili ule ulikuwa hekalu la Roho Mtakatifu na utafufuliwa. Huo ndio msingi, na ni msingi imara.

Tena tuwaambie ndugu zetu kwa upole: kupenda masalia si ugonjwa wa Wakatoliki peke yao. George Whitefield alikuwa mmoja wa wahubiri wakubwa wa uamsho wa Kiprotestanti katika karne ya 18. Alifariki tarehe 30 Septemba 1770 huko Newburyport, Marekani, akazikwa chini ya mimbari ya kanisa la Kipresbiteri. Watu wale wale waliofundishwa kuchukia mifupa ya watakatifu walikuwa wakishuka kaburini kwake kumtazama. Inasimuliwa kwamba mwaka 1775 wanajeshi waliokuwa wakielekea vitani walifungua jeneza na kugawana ukosi na vikuku vya mikono ya vazi lake ili viwalinde. Mfupa wa mkono wake uliibwa, ukavuka bahari mpaka Uingereza, na ukarudishwa baadaye katika karne ya 19. Hatusimulii haya ili tuwacheke. Tunasimulia ili ionekane kwamba moyo wa mwanadamu, ukimpenda aliyemhubiria Neno, hutaka kubaki na kitu chake mkononi. Huo ni upendo, na upendo una haki yake. Kosa huanza pale kitu kinapochukua nafasi ya Neno, na pale mwenye kitu anapolazimika kutunga hadithi ili kitu chake kipate thamani.

Baada ya kuwajibu majirani, turudi nyumbani, maana huku ndiko kwenye kazi kubwa zaidi.

Chukueni Mtakatifu Antoni wa Padua. Kila parokia ina sanamu yake au walau picha yake, na kila aliyepoteza ufunguo anamjua. Huyu alikuwa mhubiri wa uamsho hasa, kabla neno hilo halijazoeleka: mzaliwa wa Lisbon, Mfransisko, aliyetembea kaskazini ya Italia na kusini ya Ufaransa akihubiri viwanjani kwa sababu makanisa hayakuwatosha watu. Alifariki tarehe 13 Juni 1231, na kabla mwaka haujaisha alikuwa ametangazwa mtakatifu. Mwaka 1263 kaburi lake lilipofunguliwa mbele ya Mtakatifu Bonaventura, ulimi wake ulikutwa haujaoza, na ulimi huo unatunzwa Padua hadi leo. Mwezi Oktoba 1991 majambazi wenye silaha waliingia katika basilika na kuondoka na chombo chenye taya yake. Kilipatikana mwezi Desemba mwaka huohuo. Kwa hiyo hata masalia yaliyotunzwa kwa karne saba na nusu yaweza kutoweka katika dakika chache.

Lakini mwulizeni Mkatoliki wa kawaida Antoni alifanya nini. Atawaambia habari za samaki wa Rimini waliotoa vichwa majini kumsikiliza, watu walipokataa kumsikia. Ni hadithi nzuri, na wachoraji wameipenda. Ila maisha yake ya kwanza, yaliyoandikwa muda mfupi tu baada ya kifo chake na mtu aliyeishi karibu na mambo hayo, hayana samaki. Samaki waliingia baadaye, katika vitabu vilivyofuata. Na kuna jambo jingine ambalo halihitaji kusubiri vitabu vya baadaye: sheria ya mji wa Padua ya mwezi Machi 1231, iliyotungwa kwa ombi la Antoni mwenyewe, kwamba mdaiwa asiyeweza kulipa asifungwe gerezani akishatoa mali yake yote kwa wanaomdai. Kwaresima ile Antoni alihubiri kila siku, watu wakatubu, wakarudishiana mali, na mji ukabadilisha sheria yake. Miezi mitatu baadaye alikuwa amekufa.

Je, mmewahi kuisikia habari hiyo katika novena ya Mtakatifu Antoni? Tunauliza kwa uchungu. Tumewapa watu samaki tukawanyima wadaiwa. Na katika vijiji vyetu, ambamo mkulima hukopa mbegu kabla ya mvua na kulipa mara mbili baada ya mavuno, ambamo ng'ombe wa mjane huondolewa zizini kwa deni la marehemu mumewe, ni ipi kati ya habari hizo mbili iliyo na moto wa kuwaamsha watu? Hadithi ya samaki haimdai mtu kitu. Unaisikiliza, unastaajabu, unakwenda nyumbani na kulala. Sheria ya wadaiwa inaingia zizini kwako na kuhesabu. Tunashuku kwamba hiyo ndiyo sababu ya moja kudumu midomoni na nyingine kusahauliwa, na ndiyo sababu hatukubali kwamba hadithi isiyochunguzwa inajenga imani. Mara nyingi inaipumbaza.

Wahubiri wa uamsho wa Afrika Mashariki wametufundisha jambo hilohilo, ingawa hawakuwa wa Kanisa letu na tulikuwa na hoja zetu dhidi yao. Uamsho ule ulichipuka Rwanda na Uganda, Gahini ukiwa kitovu chake, kutokana na urafiki wa watu kama Simeoni Nsibambi wa Buganda na daktari Mwingereza Joe Church, waliokutana Kampala mwaka 1929. Blasio Kigozi, mdogo wake Nsibambi na mwalimu huko Gahini, alifariki Januari 1936 akiwa kijana bado, akiwa ameacha wito wa kuwaamsha viongozi wa Kanisa lake waliolala. Kutoka huko moto ulivuka kuingia Bukoba, ukaenea kwa Waanglikana na Walutheri wa Tanganyika. Ukiwauliza wazee wa Kilutheri ni kwa alama gani mtu alijulikana kuwa ameokoka kwelikweli, hawakutajii mafuta wala kitambaa. Watakutajia aliyerudisha mbuzi aliyemwiba, aliyekwenda kwa mwajiri wake kueleza fedha alizochukua, aliyepatana na ndugu waliyegombania shamba. Mbuzi aliyerudishwa ana mwenyewe wa kuulizwa, na ushahidi wa namna hiyo unatosha hata mahakamani.

Wanaojiita leo mitume na manabii, na ambao hupenda kujihesabu kuwa warithi wa uamsho ule, wamerithi kelele tu. Tunaomba radhi kwa ukali wa neno, lakini hatulibadilishi. Katika uamsho wa kwanza mtu alikuja na alichoiba akakiacha. Katika huu mtu huja na alicho nacho akakiacha kwa nabii, na kurudi na chupa.

Na sisi tusijidhani salama. Tunawajua Wakatoliki wanaovaa rozari shingoni kama hirizi na hawajasali hata fungu moja tangu Kipaimara. Tunawajua wanaochota maji katika ziwa dogo la Namugongo wakati wa hija na kuyarudisha nyumbani yagawanywe kwa vijiko kama dawa, kwa siri, pengine kwa malipo. Kanuni ya 1190 ya Sheria za Kanisa inakataza kabisa kuuza masalia matakatifu. Na Idara ya Roma inayoshughulikia kesi za watakatifu ilitoa maelekezo mapya tarehe 8 Desemba 2017 juu ya uhalisi na utunzaji wa masalia, yakisisitiza kwamba pasipo hati ya Kanisa yasitolewe kwa heshima ya waamini. Maji ya Namugongo ni ukumbusho wa hija, na hakuna ubaya kuyanyunyiza nyumbani kwa sala. Lakini anayeyauza ameketi kiti kimoja na mwenye chupa ya upako. Mfalme Hezekia aliivunja nyoka ya shaba, ambayo Musa mwenyewe aliitengeneza kwa agizo la Mungu, kwa sababu watu walikuwa wameanza kuifukizia uvumba. Hakusema: inajenga imani, tuiache. Soma 2 Wafalme 18.

Hao mashahidi wa Uganda watupe somo la pili. Kanisa linawaheshimu 22 wa kwetu, waliotangazwa wenyeheri mwaka 1920 na watakatifu tarehe 18 Oktoba 1964, na Papa Paulo VI siku ile hakuwasahau Waanglikana waliokufa kwa ajili ya Kristo huyohuyo. Kabla ya kutangazwa kwao, mashahidi waliojionea walihojiwa mmoja baada ya mwingine: nani alikuwapo, nani aliona, nani alisikia tu kwa mwingine. Wa mwisho kati yao, Yohane Maria Muzeeyi, alikatwa kichwa tarehe 27 Januari 1887 na mwili wake ukatupwa kinamasini. Haukupatikana kamwe. Hakuna mfupa wake hata mmoja wa kuwekwa altareni. Je, utakatifu wake umepungua? Musa naye alizikwa, na Kumbukumbu la Torati linasema kwamba hakuna anayelijua kaburi lake. Kanisa lingeweza kuokota mfupa wowote kinamasini na kusema ni wa Muzeeyi, nani angebisha? Halikufanya hivyo. Likakubali pengo, na pengo hilo ni tukufu kuliko mfupa wa uongo.

Jambo hili litatujaribu hivi karibuni sisi Watanzania. Kesi ya Mwalimu Julius Nyerere ilifunguliwa katika Jimbo la Musoma mwaka 2005, naye anaitwa Mtumishi wa Mungu. Tayari midomo imeanza kumwongezea maajabu. Wanaomwongezea wanadhani wanamsaidia. Wanampinga, maana mchunguzi akikuta hadithi kumi zilizotungwa ataitilia mashaka na ile ya kumi na moja iliyo ya kweli.

Sasa tuje hapa kwetu kabisa, chini ya mlima Hanang na juu ya nyanda za Mbulu, kwa sababu suala la masalia yaliyopotea si la Padua wala la Newburyport peke yake.

Wairaqw na Wadatoga bado wanamsimulia Saigilo, mwaguzi wa Kidatoga wa zamani, na wako wanaosema kwamba aliona ujio wa wageni weupe kabla hawajafika. Hakuwa Mkristo, na hatumleti hapa ili tumbatize wala tumlaani. Tunamleta kwa sababu hadithi zake zinaonesha jinsi umaarufu unavyofanya kazi: jambo likishatokea, husemwa kwamba yeye alikwisha kulitabiri. Basi wahubiri wetu wa Kikristo nao wanasimuliwa kwa namna iyo hiyo, na msikilizaji asiyeuliza hajui tena anamsikiliza nani. Utabiri unaosikika kwa mara ya kwanza baada ya jambo kutimia haupaswi kuwekwa kwenye mzani mmoja na neno la nabii Yeremia.

Wadatoga pia wanajua maana ya kaburi. Mzee aliyeheshimika hujengewa bung'eda, kilima cha udongo, kwa sherehe ya miezi mingi inayowakutanisha watu wa mbali. Katika miaka ya 1970 na 1980, mashamba makubwa ya ngano ya Shirika la Taifa la Kilimo na Chakula, NAFCO, yalipanuliwa katika nyanda za Basotu kwa msaada wa Kanada, yapata hekta 40,000, na matrekta yakayalima makaburi hayo pamoja na malisho. Wabarbaig walilalamika, wakaenda mpaka mahakamani juu ya ardhi yao. Mtu aliyeona bung'eda ya babu yake ikigeuka tuta la ngano hahitaji mahubiri yetu juu ya thamani ya masalia. Yeye atuhubirie sisi.

Maana sisi makaburi yetu hayakulimwa na mtu. Tumeyapoteza wenyewe.

Tunaomba mtuelewe. Injili haikuingia katika nchi hii kwa miguu ya mapadre wa Ulaya peke yao. Majina yao tunayo. Tunajua kwamba Mbulu ilifanywa jimbo kamili mwaka 1953 na askofu wake wa kwanza alikuwa Patrick Winters wa Shirika la Wapalotini. Tunajua kwamba mwaka 1971 alifuatwa na Nicodemus Hhando. Lakini padre aliyefika kigangoni mara moja kwa miezi mitatu alimkuta nani? Alimkuta katekista. Katekista ndiye aliyewafundisha watu ishara ya msalaba, ndiye aliyetafuta maneno ya Kiiraqw na ya Kidatoga ya kueleza neema na dhambi kwa watu waliokuwa wakimwita Mungu Looaa na kumwazia kama mama. Ndiye aliyezika maiti kwenye mvua, ndiye aliyebatiza watoto waliokaribia kufa, akatembea kwa miguu kutoka bonde hadi bonde kwa ujira usiotosha sabuni. Hao ndio wahubiri wetu wa uamsho. Wako wapi? Katika madaftari ya zamani ya ubatizo utakuta jina la ubatizo la katekista limeandikwa peke yake pembeni, Petro au Paulo, bila jina la baba, bila ukoo, bila kijiji. Basi.

Historia ya Livingstone inatuonya kuhusu jambo hili. Alipofariki Chitambo mwaka 1873, wenzake Waafrika waliuzika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili na kuubeba kwa miezi mingi mpaka pwani. Februari 1874 mwili huo ulilazwa katika misheni ya Mapadre wa Roho Mtakatifu Bagamoyo, na Aprili ukazikwa Westminster, London. Kipande cha mti ule kilipelekwa London, na katika kanisa kuu la Kianglikana Zanzibar upo msalaba unaosemwa kuwa umechongwa kwa ubao wake. Mti wa mzungu umekuwa masalia. Wabebaji walikuwa makumi. Wanaotajwa ni Susi, Chuma, Yakobo Wainwright na wengine wachache. Tukikubali kwamba hivyo ndivyo kumbukumbu inavyotunzwa, tutabaki tunatunza miti ya wageni na kuwasahau waliobeba.

Hapa ndipo tunapoona ubaya wa mwisho wa ile kauli tuliyoanza nayo. Kaburi la katekista likipotea na jina lake likisahaulika, nafasi yake haibaki tupu. Hadithi huingia. Vijana wetu hawamjui mzee aliyewabatizia babu zao, lakini wanaweza kukusimulia kwa saa nzima juu ya mhubiri wa mbali aliyefufua maiti katika mji usiotajwa, mbele ya mashahidi wasiotajwa. Tumewanyima chakula, wakala mapovu.

Wako watakaotuambia kwamba katekista hana miujiza, na watu wanataka miujiza. Tunawajibu hivi: mwulizeni kwanza. Huenda ipo. Mtu aliyekaa miaka 40 katika kigango kimoja, akapatanisha koo zilizouana kwa ajili ya ng'ombe, ameona mambo. Lakini akisema aliona, mwulize aliona lini, nani mwingine alikuwapo, na kama yeye mwenyewe aliona au alisikia. Akisema hakumbuki, andikeni kwamba hakumbuki. Msimjazie. Mkimjazia, mtakuwa mmemwibia ukweli wake kama yule aliyeiba mkono wa Whitefield.

Tena muda hautusubiri. Tarehe 3 Desemba 2023 tope na mawe vilishuka kutoka mlima Hanang, vikaifunika sehemu ya Katesh na vijiji vya jirani, na watu zaidi ya 80 wakapoteza maisha. Tunaendelea kuwaombea. Walikufa wazee, na pamoja na nyumba zao zilizofukiwa yalikwenda masanduku yenye picha, vyeti vya ndoa na barua za mapadre wa zamani. Hakuna aliyekuwa amezinakili.

Kwa hiyo, kuanzia Jumapili ijayo, kila jumuiya ndogondogo ichague watu wawili, mmoja awe kijana anayeandika vizuri, waende kwa wazee wa jumuiya yao wenye miaka 75 na zaidi. Waulize mambo matatu tu: nani aliyekuwa katekista wa kwanza wa kigango hiki kwa jina lake kamili na ukoo wake, amezikwa wapi, na nani mwingine aliye hai aliyemwona kwa macho. Kwa kila jibu liandikwe jina la aliyejibu na tarehe. Palipo na wazee wawili wanaopingana, yaandikwe majibu yote mawili, moja chini ya jingine, wala asiwepo wa kuyapatanisha kwa kalamu. Kaburi likijulikana, liwekewe msalaba wa mti kabla ya Siku ya Marehemu Wote, tarehe 2 Novemba, na kwa ruhusa ya familia. Asichukue mtu udongo wake. Karatasi ziletwe ofisi ya parokia, ambako tumefungua daftari jipya pembeni ya daftari la ubatizo. Vigango vya mbali vinaweza kumpa katekista anapokuja kuchukua Ekaristi.